Adui Naye Ana Jina

Wenzangu, leo sikuleta shairi wala hadithi. Nimeleta ugomvi. Nitagombana na ninyi, lakini nitaanza na mimi mwenyewe, msije mkasema huyu jamaa anajifanya msafi.

Kwanza mtihani mdogo. Yupo jamaa mmoja mwenye asili ya Kichina, upara mbele, nywele ndefu nyuma, masharubu yamening'inia kama ya kambale. Katika Lethal Weapon ya mwaka 1987 ndiye aliyemchoma Mel Gibson kwa umeme huku kamning'iniza. Mwaka uliofuata, katika Die Hard, yumo kwenye genge lililoteka ghorofa. Polisi wanakuja, yeye amejibanza nyuma ya kaunta na bunduki yake, na kabla risasi hazijaanza kulia anaiba chokoleti anakula. Mwaka 1989 akawa Genghis Khan katika Bill & Ted's Excellent Adventure. Umemwona? Umemwona sana. Pengine ulishawahi hata kuigiza anavyotembea. Haya, anaitwa nani?

Kimya.

Anaitwa Al Leong. Liandike mahali.

Mimi nimekulia uswahilini, Dar es Salaam, jirani na kibanda cha video. Mabenchi ya mbao, joto la kuchemsha yai, na mikanda ambayo watu wa Ulaya walishaisahau zamani. Pale kibandani waigizaji walikuwa na majina mawili tu: steringi na adui. Wanaobaki ni mapambo. Yupo mpambe wa adui, yupo demu wa steringi, na yupo rafiki wa steringi, ambaye lazima afe mapema ili steringi apate hasira. Sheria tuliijua wote: steringi hafi. Na majina yakishaanza kupanda kwenye kioo, mwenye kibanda alikuwa anabonyeza kitufe, giza, halafu sauti: "Haya, nje, nje! Wa saa kumi waingie!" Miaka yote ile sikuwahi kusoma orodha ya majina mpaka mwisho. Nilitoka pale na sura mia kichwani na majina matano mdomoni.

Basi nikakua, nikajifanya mwandishi, nikaanza kuandika uhakiki. Na nilichofanya ni kile kile cha mwenye kibanda. Nilibonyeza kitufe.

Nitawaeleza ilivyokuwa. Katika jarida hili hili niliwahi kuhakiki mchezo mmoja wa jukwaani. Steringi nikampa aya tatu: macho yake, sauti yake, hata viatu vyake. Mwisho nikafunga kwa maneno ambayo kila mmoja wetu ameshayaandika: "Wengine walioshiriki ni fulani, fulani, na wengineo." Nikaenda kulala na usingizi ukaja.

Wiki mbili baadaye, kwenye kikao chetu cha Jumamosi cha kusomeana kazi, akaingia mzee mmoja. Shati limepigwa pasi, jarida kalikunja mkononi. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitika, "Marahaba, mwanangu." Akakaa, akalifungua jarida kwenye ukurasa wangu, akaweka kidole.

"Mwanangu, hapa umeandika 'na wengineo'. Nimekuja kuuliza tu. Mimi hapo ni neno gani? Ni 'na', au ni 'wengineo'?"

Ndipo nikamkumbuka. Alikuwa mlinzi wa geti. Aliingia mara mbili, akasema pengine maneno arobaini. Lakini ile mara ya pili, alipokaa chini na kuvua kiatu kimoja bila kusema kitu, ukumbi mzima ulinyamaza, na mwanamke aliyekaa karibu yangu akafuta machozi. Nililiona jambo lile kwa macho yangu. Nililiona, na sikuliandika, kwa sababu hakuwa steringi.

Nikamwomba radhi, nikamwahidi kwamba toleo lijalo nitaliweka jina lake. Akakataa. "Usiniweke kwa huruma. Siku ukinikuta kazini tena, ukaona nimefanya kitu, hapo andika. Usipoona kitu, usiandike." Akaaga, akaenda zake. Ndiyo maana hata leo silitaji jina lake hapa. Deni hilo ninalo, na nitalilipa kwa masharti yake.

Najua mtakavyonijibu, maana nimeshabishana na nusu yenu pale kijiweni. Wa kwanza anasema: "Bwana wee, mwigizaji mzuri ni yule anayepotea ndani ya mhusika. Ukimsahau jina, ujue kafaulu." Maneno matamu hayo, na ni ya uvivu. Kupotea ni kazi yake yeye. Kumtafuta ni kazi yetu sisi. Pilau ikinoga harusini, mpishi hakuipika ili aonekane, lakini mwenye adabu anaingia jikoni kuuliza nani kapika. Sisi tunakula, tunapangusa mikono, tunampongeza bwana harusi.

Tena kwa kutouliza tunapunjika wenyewe. Mnamkumbuka yule Mweusi mrefu mwenye upara, anayepigana na Arnold Schwarzenegger chumbani katika Commando ya mwaka 1985? Ndiye huyo huyo aliyekuwa upande wa Arnold katika Predator ya mwaka 1987, anajipitishia wembe shavuni kule msituni mpaka unaogopa. Kibandani tulimwita "yule jamaa wa Arnold". Jina lake ni Bill Duke. Na huyo "jamaa wa Arnold" ni mwongozaji: filamu yake A Rage in Harlem ilishindanishwa Cannes mwaka 1991, na mwaka 1993 akaongoza Sister Act 2, ile iliyomwonyesha dunia msichana anayeitwa Lauryn Hill miaka mitatu kabla ya The Score ya Fugees. Washikaji wangu waliojaza kuta picha za Fugees walikuwa wanamtazama Bill Duke akipigwa ngumi kila Jumapili, na hawakujua kuwa hadithi ni moja. Ungekuwa na jina lake, ungeufuata uzi. Huna jina, uzi umekatika.

Wa pili anasema: "Si amelipwa? Jina la nini tena?" Hapa sasa ndipo nakunja mikono ya shati.

Jina ni fedha, ndugu yangu. Wenye makampuni wanalijua hilo tangu sinema ikiwa inatambaa. Mwanzoni mwa karne iliyopita kampuni ya Biograph kule Marekani haikutangaza majina ya waigizaji wake. Watu walimpenda sana mwanamke mmoja, hawakujua pa kumwulizia, wakawa wanamwita tu "msichana wa Biograph". Aliitwa Florence Lawrence. Mfanyabiashara Carl Laemmle alimchukua, mwaka 1910 akalitangaza jina lake, na umati ukalikimbilia. Mwenye jina ana pa kuanzia kudai. Asiye nalo ni sura tu, na sura hubadilishwa na nyingine.

Mnadhani hayo ni ya kale? Mwaka 2023 waigizaji wa Marekani waligoma siku 118, kuanzia Julai mpaka Novemba. Walioumia si wale wa kwenye mabango. Mwaka ule, ili chama kikupe bima ya afya, ulitakiwa uwe umepata angalau dola 26,470 kwa mwaka kutokana na uigizaji, na wanachama walio wengi hawafikii hapo. Hao ndio polisi wako, madaktari wako, majambazi wako, baba mkwe wako wa kwenye tamthilia. Moja ya mambo waliyopigania ni kwamba kompyuta isichukue sura ya mtu na kuitumia bila ridhaa yake na bila malipo. Fikirini vizuri hapo. Sura ya steringi ikiibwa, dunia nzima itapiga kelele. Ikiibwa sura ya "yule jamaa", nani atajua kuwa kuna mtu kaibiwa?

Na msidhani jambo hili linakaa ng'ambo tu. Hapa Afrika Mashariki lipo tena kwa aibu zaidi. Waulize watu wa makamo, "Idi Amin alikuwaje?" Wengi watakusimulia mkanda: lile jitu linalocheka na kutisha kwa wakati mmoja, katika Rise and Fall of Idi Amin ya mwaka 1981. Aliyeigiza ni Mkenya, Joseph Olita. Alimwigiza tena Amin mwaka 1991 katika Mississippi Masala ya Mira Nair. Amefariki mwaka 2014. Mwaka 2007 Forest Whitaker alipata Oscar kwa kumwigiza mtu huyo huyo, na jina lake tunalo wote. Mtu wetu, aliyetupa sura ya Amin robo karne kabla, tumemwachia jina la dikteta. Hebu fikiria, ufanye kazi nzuri kiasi hicho, halafu watu wakuite Amin.

Au Sidede Onyulo. Filamu ya Kijerumani Nirgendwo in Afrika, ya familia ya Kiyahudi iliyokimbilia Kenya, ilipata Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni mwaka 2003. Onyulo, Mkenya, ndiye Owuor, mpishi. Mtoto wa familia ile anajifunza maisha mapya kutoka kwa nani? Kwa mpishi. Filamu inapumua kwa mpishi. Lakini ni wangapi kati yetu, tunaojiita wapenzi wa sanaa, tunaolijua jina la Onyulo, aliyefariki mwaka 2008? Mimi sikulijua mpaka yule mzee aliponitia aibu nikaanza kutafuta.

Sasa nageuka kwenu ninyi mnaoandika, maana hili ndilo lililonitoa nyumbani. Kila mwezi mnaniletea miswada niisome. Steringi anayo yote: huzuni, mashairi, ndoto za usiku. Wanaomzunguka ni nani? Konda anayedai nauli. Mama ntilie anayeweka sahani mezani. Mlinzi anayefungua geti. Hawana jina, hawana jana wala kesho. Wanafungua mlango steringi apite, kisha mnabonyeza kitufe. Mimi nasema ugonjwa ni ule ule mmoja. Mtu asiyeona sura ya pembeni kwenye kioo, hawezi kuiumba kwenye karatasi.

Mtazameni John Cazale. Maisha yake yote aliigiza filamu ndefu tano tu: The Godfather, The Conversation, The Godfather ya pili, Dog Day Afternoon na The Deer Hunter. Zote tano ziliteuliwa kuwania Oscar ya filamu bora, na tatu zikashinda. Yeye mwenyewe hakuteuliwa hata mara moja. Alifariki mwaka 1978, ana miaka 42. Katika The Godfather ndiye Fredo, kaka mnyonge, yule wa kukaa pembeni ya chumba na kucheka mahali pasipochekesha. Mtoe Fredo, uone kinachobaki. Michael, steringi, anabaki jambazi hodari tu. Ni kwa sababu ya Fredo ndipo tunapoona Michael amepotea kabisa. Dhambi ya mkubwa huwa inaonekana kwa mdogo. Hilo ni somo la uandishi lisilohitaji semina, na limefundishwa na mtu ambaye mngepishana naye mtaani msimwamkie.

Mhakiki Roger Ebert alikuwa na kanuni yake: filamu yoyote yenye Harry Dean Stanton au M. Emmet Walsh katika nafasi ya pembeni haiwezi kuwa mbaya yote. Baadaye alikiri kuwa zipo zilizoivunja kanuni hiyo. Lakini angalieni alichofanya: alichukua sura mbili za pembeni akazifanya kipimo. Stanton alifariki mwaka 2017, Walsh mwaka 2024, na kanuni ile inayataja majina yao mpaka leo. Mhakiki mmoja tu, kwa sentensi moja. Sisi tunashindwa nini?

Kwa hiyo nadai mambo matatu, na nayadai hadharani. La kwanza, filamu ikiisha, tukae. Simu inataka kukurushia nyingine kabla majina hayajapanda. Ikatalie, kama sisi tulivyoshindwa kumkatalia mwenye kibanda. La pili, uhakiki wowote utakaoingia kwenye jarida hili umtaje angalau mtu mmoja asiyekuwa steringi, kwa jina lake kamili, na useme alifanya nini hasa. Kusema "alijitahidi" si kitu. La tatu, maneno "na wengineo" yafutwe katika kurasa zetu. Mhariri akikosa nafasi, apunguze aya ya viatu vya steringi.

Mtakaonuna, nuneni. Jumamosi mnajua ninapokaa. Mje na hoja, lakini kabla hamjafungua mdomo nitawauliza jina la yule jamaa wa chokoleti.