Uimara wa nguo huanzia mezani kwa fundi: Nafasi ya mafundi cherehani katika safari ya pamba hadi mavazi

Kila mwezi Januari, shule zinapokaribia kufunguliwa, vibaraza vya mafundi cherehani katika miji na vijiji vya Tanzania hujaa wazazi na watoto wanaopimwa sare. Kabla ya kukata kitambaa, fundi mzoefu huuliza umri wa mtoto, na iwapo ana mdogo wake atakayeirithi nguo hiyo. Majibu hayo huamua kiasi cha kitambaa kitakachokunjwa ndani ya pindo la sketi au suruali, na akiba itakayoachwa katika mishono ya pembeni. Sare yenye pindo la inchi mbili au tatu hufumuliwa mtoto anaporefuka, ikashonwa upya na kuendelea kuvaliwa. Ile iliyokatwa kwa kubania kitambaa huwa fupi kabla ya mwaka kwisha, na mzazi hulazimika kununua nyingine.

Suala hili lina uzito katika bajeti ya kaya. Tangu Serikali ilipoanza kutekeleza sera ya elimu bila ada mwaka 2016, sare imebaki miongoni mwa gharama ambazo familia hubeba yenyewe. Kwa mzazi mwenye watoto watatu au wanne shuleni, tofauti kati ya sare inayodumu miaka miwili na inayochakaa baada ya muhula mmoja ni tofauti ya fedha ambazo zingenunua daftari, viatu au chakula.

Uamuzi huo wa fundi unagusa pia mjadala unaoendelea duniani. Tarehe 30 Machi 2025, Umoja wa Mataifa uliadhimisha Siku ya Kimataifa ya Kutozalisha Taka kwa kujielekeza katika sekta ya mitindo na nguo. Kwa takwimu za umoja huo, dunia huzalisha takriban tani milioni 92 za taka za nguo kila mwaka. Nguo nyingi hutengenezwa kwa haraka, huuzwa kwa bei ya chini na hutupwa zikiwa bado zinafaa. Sehemu kubwa ya nguo hizo ina nyuzi za poliesta, ambazo hutokana na mafuta ya petroli na haziozi kama pamba zinapofika dampo.

Tanzania inaingia katika mjadala huo ikiwa mzalishaji wa pamba. Zao hilo hulimwa zaidi katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, ikiwemo Simiyu, Shinyanga na Mwanza. Baada ya kuvunwa, pamba mbegu hupelekwa kwenye viwanda vya kuchambua, ambako nyuzi hutenganishwa na mbegu. Mbegu hukamuliwa mafuta na mashudu hulishwa mifugo. Nyuzi, ambazo ndizo zenye thamani kubwa zaidi, kwa sehemu kubwa husafirishwa nje ya nchi kabla ya kusokotwa. Kazi ya kusokota, kufuma, kutia rangi na kushona, pamoja na ajira zake, hufanyika kwingine.

Hali haikuwa hivyo wakati wote. Kiwanda cha nguo cha Urafiki jijini Dar es Salaam, kilichojengwa kwa ushirikiano na China, kilianza uzalishaji mwaka 1968, na kulikuwa na viwanda vingine, ikiwemo Mwatex cha Mwanza na Mutex cha Musoma. Khanga, vitenge na vitambaa vya sare vilitoka katika viwanda hivyo. Uchakavu wa mitambo, matatizo ya umeme na mtaji, pamoja na ushindani uliotokana na kulegezwa kwa masharti ya biashara kuanzia katikati ya miaka ya 1980, vilidhoofisha sekta hiyo. Nafasi iliyoachwa wazi ilijazwa na nguo za mitumba na, baadaye, nguo mpya za bei nafuu kutoka Asia.

Mwezi Machi 2016, Wakuu wa Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, katika mkutano wao jijini Arusha, waliazimia kuendeleza viwanda vya nguo na ngozi kwa lengo la kuondokana na uagizaji wa mitumba ndani ya miaka mitatu. Katika mwaka wa fedha 2016/17, ushuru wa nguo zilizotumika ulipandishwa kutoka dola 0.20 hadi dola 0.40 kwa kilo. Hatua hiyo ilipingwa na wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani, waliotaka nchi husika ziondolewe katika mpango wa AGOA ulioruhusu bidhaa za Afrika kuingia katika soko hilo bila ushuru. Rwanda, iliyoendelea na viwango vya juu zaidi vya ushuru, ilisitishiwa nafuu hiyo kwa upande wa mavazi mwaka 2018. Nchi nyingine, ikiwemo Tanzania, zililegeza msimamo.

Funzo la kipindi hicho ni kwamba ushuru pekee haushoni nguo. Mitumba inapopungua bila nguo za ndani zenye ubora na bei inayohimilika, mwananchi hukimbilia nguo mpya ya poliesta inayofumuka baada ya kufuliwa mara chache. Mkakati wa Pamba hadi Mavazi wa mwaka 2016 hadi 2020 ulilenga kuziba pengo hilo kwa kuunganisha mkulima, kiwanda na mshonaji. Kati ya hao watatu, mshonaji ndiye asiyetajwa sana, ingawa ndiye aliye karibu zaidi na mvaaji.

Fundi cherehani tayari anafanya kazi ambayo mataifa mengine yanajitahidi kuirejesha. Katika masoko ya mitumba kama Karume jijini Dar es Salaam, mara robota linapofunguliwa, mafundi walio jirani hupunguza suruali, hubana mashati na kubadilisha zipu ili nguo iliyoshonwa kwa ajili ya mtu mwingine imkae mnunuzi. Majumbani nako utaratibu wa kutumia nguo hadi mwisho haujapotea. Doti ya khanga huanza kuvaliwa katika shughuli, ikazoeleka ikawa ya jikoni, ikabebea mtoto kama mbeleko na hatimaye ikachanwa kuwa vitambaa vya kudekia.

Utaratibu huo, hata hivyo, uko hatarini. Nguo mpya ya bei ya chini inapouzwa kwa fedha zinazokaribia gharama ya kurekebisha ya zamani, mteja huona hakuna sababu ya kwenda kwa fundi. Fundi anayekosa kazi hupunguza gharama kwa kutumia uzi hafifu au kuacha akiba ndogo, na ubora unaposhuka humpoteza hata mteja aliyebaki. Vijana nao husita kujifunza ufundi ambao hawaoni kipato chake.

Zipo njia za kisera zinazoweza kuukata mnyororo huo. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) hutoa mafunzo ya ushonaji, na pia huwatambua na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza ujuzi wao kazini. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) hutoa mafunzo na huduma kwa wajasiriamali wadogo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, yaani asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 nayo inatoa upendeleo kwa makundi maalumu katika zabuni za taasisi za umma.

Fursa hizo zitamfikia fundi wa kibarazani iwapo atajiunga na wenzake katika kikundi kilichosajiliwa, kwa kuwa ni vigumu kwa mtu mmoja mwenye cherehani moja kutimiza zabuni ya sare mia tano zenye vipimo na mishono inayofanana. Kwa upande wa taasisi zinazonunua, masharti ya zabuni yanayotaja upana wa pindo, aina ya uzi na uimara wa mishono yangemlinda fundi makini dhidi ya mshindani anayeshusha bei kwa kupunguza ubora. Bei ndogo inaporudiwa kila muhula huwa gharama kubwa kuliko bei ya kazi iliyofanywa vizuri mara moja.

Mwananchi naye ana nafasi yake kabla hata ya zabuni hizo. Anapopeleka kitambaa kwa fundi, anaweza kuuliza pindo litakuwa la inchi ngapi, akiba kiasi gani itaachwa pembeni, na iwapo mishono inayobeba uzito itapitishwa cherehani mara mbili. Fundi anayejua kazi yake atayajibu maswali hayo bila kusita, na mtoto aliyepimwa Januari hii ataivaa sare hiyo hiyo Januari ijayo, pindo likiwa limeshushwa.