Picha ya uongo humnyang'anya mwathirika ushahidi wake

Na Mwanahawa Likwena

Kimbunga Hidaya kilipoipiga pwani yetu mwanzoni mwa Mei 2024, mafuriko yaliikata barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi ndani ya Wilaya ya Kilwa, magari yakakwama huku na huku. Aprili 2025 maji yakaikata tena pale Somanga. Sasa chukulia mtu anaitoa picha ya mwaka wa kwanza, anairusha kwenye makundi ya WhatsApp mwaka wa pili na kuandika kwamba imepigwa leo asubuhi. Hajaongeza tone la maji wala kugusa rangi, lakini amedanganya. Dereva ataahirisha safari kwa sababu yake, na mfanyabiashara wa Miteja anayengoja mzigo atapata hasara. Ndiyo maana nasema tunakosea tunapoutafuta ughushi ndani ya picha peke yake. Mahali, tarehe na jina la aliyepiga ni sehemu ya picha. Ukiviharibu hivyo, umeighushi.

Gharama ya ughushi huo humwangukia zaidi mwenye shida ya kweli. Agosti 2006, wakati wa vita vya Lebanon, shirika la habari la Reuters lilibaini kwamba mpigapicha wake wa kujitegemea, Adnan Hajj, alikuwa ameongeza moshi kwa kompyuta katika picha ya Beirut iliyoshambuliwa. Reuters lilivunja uhusiano naye na kuziondoa sokoni picha zake zote 920. Mabomu yalikuwa yameanguka kweli, na moshi ulikuwepo kabla hajauongeza. Hata hivyo, waliotaka kuyakana mateso ya raia walipata kisingizio, na picha zake ambazo hazikuwa na dosari zikaondoka pamoja na zile mbovu. Hilo laweza kumpata mkulima wa Kilwa ambaye shamba lake limezama: akipeleka picha halisi ofisini baada ya watu kuchoshwa na za uongo, ataambiwa ametengeneza. Akili mnemba inaukuza mwanya huo, maana sasa mkwepaji wajibu anaweza kuikataa picha yoyote isiyompendeza.

Wapo wanaosema kila picha ni uchaguzi wa mpigaji: anachagua pa kusimama na cha kuacha nje, na tangu enzi za filamu mafundi wa chumba cha giza walikuwa wakipunguza kivuli na kuongeza mwanga. Ni kweli, lakini kumsaidia mtazamaji aone kilichokuwepo si sawa na kumwonyesha kisichokuwepo. Wengine hutetea chumvi kwa nia njema, wakidai picha ya kutisha huharakisha msaada. Huenda ikauharakisha mara moja. Ikibainika, kijiji kitakachofuata ndicho kitakacholipa, kwa kuwa wafadhili na viongozi watangoja uthibitisho wakati watu wanalala nje.

Kuna pia wanaoona kwamba sheria inatosha. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinaweka faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, kwa anayechapisha taarifa za uongo kwa makusudi. Adhabu, hata hivyo, huja baada ya madhara, na hofu yake inaweza kumnyamazisha hata mwenye picha ya kweli. Kinachotufaa zaidi ni desturi. Anayepiga ataje kijiji na tarehe, na aitunze picha ya asili kwenye simu yake bila kuihariri. Anayeipokea asiisambaze kabla ya kuuliza imetoka kwa nani. Gazeti linalotumia picha ya zamani liandike waziwazi kuwa ni picha ya maktaba, na vyumba vya habari vishirikiane na wahakiki kama JamiiCheck na Nukta Fakti kabla ya kuchapisha, si baada ya kuumbuka. Serikali nayo itoe mapema picha na taarifa zake za maeneo yaliyoathirika, kwa sababu ukimya wa ofisi ndio unaoupa uvumi nafasi. Wananchi wa Kilwa wana haki ya kuaminiwa wanapoonyesha hasara yao, na kila mmoja wetu anayetuma picha asiyoijua asili yake anaipunguza haki hiyo.