Masundosundo hayasemi yalianza lini

Leo tunazungumzia jambo ambalo watu hutuletea wauguzi kwa sauti ya chini: masundosundo, yaani vile vinyama au chunjua zinazoota sehemu za siri. Mtu akishayaona, mara nyingi swali lake la kwanza si dawa. Huuliza, "Nimeyapata kwa nani?"

Kwa familia zetu swali hilo lina uzito wa pekee. Mume yuko Muscat na mke yuko Tanga, au mke yuko Leicester na mume amebaki Mombasa. Wameonana likizo, kila mmoja amerudi kwake, na baada ya miezi mitatu mmoja anakuta kinyama. Simu inapigwa usiku, wazee wanaitwa, na talaka inatajwa kabla hata mtu hajapimwa. Kwa hiyo tulijibu swali hili kwa utaratibu.

Yanatoka wapi

Masundosundo huletwa na virusi viitwavyo HPV. Virusi hivi vina aina nyingi sana, na kila aina hupewa namba. Aina ya 6 na ya 11 ndizo huleta takriban masundosundo 9 kati ya kila 10. Saratani ya mlango wa kizazi huletwa na aina nyingine, hasa ya 16 na ya 18. Kwa hiyo kuwa na masundosundo si kuwa na saratani. Mwanamke mwenye masundosundo aendelee tu na uchunguzi wa mlango wa kizazi kwa ratiba ya kawaida ya nchi aliyopo. Hahitaji kupimwa mara nyingi zaidi kwa sababu ya vinyama hivyo.

Virusi huambukizwa kwa ngozi kugusana na ngozi wakati wa kujamiiana. Kondomu hupunguza hatari, lakini haifuniki ngozi yote ya eneo hilo.

Watu wengi waliowahi kujamiiana hupata HPV ya aina moja au nyingine katika maisha yao, hata aliyekuwa na mwenzi mmoja tu. Wengi hawaoti kitu chochote, na kwa kawaida mwili huvishinda virusi ndani ya miaka 2. Ndiyo maana aliyekuambukiza anaweza kuwa hajawahi kuona hata kinyama kimoja mwilini mwake. Wanaoota zaidi ni vijana wa miaka ya 20, na watu ambao kinga yao imeshuka, kwa mfano wenye VVU wasio kwenye dawa au waliopandikizwa figo.

Tarehe haijulikani

Mara nyingi masundosundo hutokea wiki kadhaa hadi miezi kadhaa baada ya maambukizi. Lakini virusi vinaweza kukaa kimya mwilini kwa miaka, kisha vinyama vikajitokeza kinga inapopungua au mwanamke anaposhika mimba. Mtu aliyeoa miaka 5 iliyopita anaweza kuota leo kwa virusi alivyopata kabla ya ndoa. Anaweza pia kuwa amevipata mwaka huu. Hakuna daktari, maabara wala mashine inayoweza kukuambia ni lipi kati ya hayo mawili.

Sisemi kwamba hakuna anayetoka nje ya ndoa. Nasema kinyama si ushahidi wa jambo hilo. Kama kuna mashaka ndani ya ndoa, yana njia yake ya kuzungumzwa, lakini tusiyafanye masundosundo kuwa shahidi.

Yanatambuliwaje

Hutambuliwa kwa macho ya mtaalamu, kwenye mwanga mzuri. Kwa kawaida ni vinyama laini, kimoja au vingi, vyenye rangi ya ngozi, kahawia au kijivu. Vingine ni bapa, vingine hukusanyika kama koliflawa. Aghalabu haviumi, ingawa vinaweza kuwasha au kutoa damu kidogo. Mtaalamu ataangalia eneo lote, pamoja na njia ya haja kubwa, na kwa mwanamke huenda akaangalia ndani ya uke pia. Una haki ya kuomba mtu wa jinsia yako akuhudumie, au awepo wakati unapoangaliwa.

Hakuna kipimo cha damu cha masundosundo. Kipimo cha HPV kinachotumika kuchunguza mlango wa kizazi si cha kazi hii, wala hakitumiki kumpima mume ili kujua nani alianza. Wengine wanakumbuka kwamba kliniki za nyumbani hupaka siki. Ile hupakwa kwenye mlango wa kizazi kutafuta dalili za awali za saratani. Haifai kutambua vinyama vya nje, kwa sababu ngozi iliyowashwa na kitu kingine nayo hugeuka nyeupe.

Kwa nini basi usijiangalie mwenyewe au kumtumia rafiki picha kwenye WhatsApp? Kwa sababu vipo vingi vinavyofanana. Wanaume wengi wana safu ya vipele vidogo kuzunguka kichwa cha uume. Hayo ni maumbile, si ugonjwa. Vidoto vya rangi ya njano ni tezi za mafuta. Vipele laini vyenye kishimo katikati huletwa na virusi tofauti kabisa. Lakini hatari zaidi ni kaswende, ambayo katika hatua ya pili huweza kuleta vinyama bapa vyenye majimaji. Kaswende hutibika kwa penisilini, ila ukiidhania kuwa masundosundo ukaipaka krimu, inaendelea kukudhuru na kuwaambukiza wengine. Ndiyo maana kliniki nzuri itakupima damu kwa kaswende na VVU hata kama vinyama vinaonekana wazi.

Kukata kipande na kukipeleka maabara si lazima kwa kila mtu. Hufanywa kama kinyama ni kigumu, kina weusi usio wa kawaida, kina kidonda, hakisikii dawa, au kama kinga ya mgonjwa iko chini.

Matibabu

Yapo ya krimu, ya kugandisha kwa baridi kali na ya kukata au kuchoma. Mengine hupotea yenyewe. Dawa huondoa kinyama, lakini virusi vinaweza kubaki, hivyo kurudi kwake hasa katika miezi 3 ya mwanzo si ajabu, wala si dalili kwamba mwenzako amekuletea upya. Usitumie dawa ya chunjua za mikono sehemu hizo, kwani inaunguza. Kama una mimba, sema mapema, maana baadhi ya dawa haziruhusiwi.

Kwa mlioko Uingereza, wakiwemo wanafunzi: kliniki za NHS za magonjwa ya zinaa hupima na kutibu bure, bila kuangalia aina ya viza yako, na huhitaji barua ya daktari wako. Mambo yako hayaambiwi mwenzi wako wala chuo.

Watoto wetu

Australia ilianza mwaka 2007 kuwachanja wasichana kwa chanjo yenye kinga dhidi ya aina ya 6 na ya 11. Kwenye kliniki za zinaa za huko, wasichana wa chini ya miaka 21 waliokutwa na masundosundo walishuka kutoka asilimia 11.5 mwaka 2007 hadi asilimia 0.85 mwaka 2011. Hata wavulana wa rika lao, ambao mpango huo ulikuwa haujawafikia, walipungukiwa sana, kwa sababu virusi vilikosa pa kupita.

Rwanda ilianza kuwachanja wasichana mwaka 2011, Uganda 2015, Tanzania 2018 na Kenya 2019. Uingereza ilianza 2008, lakini hadi 2012 ilitumia Cervarix, ambayo haizuii masundosundo. Gardasil huyazuia. Wavulana waliingizwa 2019. Mtoto aliyehama katikati anaweza kuwa amekosa chanjo huku na kule, kwa hiyo angalia kadi yake. Uingereza, wasichana waliokosa, na wavulana waliozaliwa kuanzia tarehe 1 Septemba 2006, wanaweza kuipata kabla ya kutimiza miaka 25. Chanjo haitibu vinyama vilivyokwisha kuota.

Ukikuta kinyama, basi, kwanza nenda ukaangaliwe. Ukishajua ni nini, ndipo umpigie mwenzako, umweleze ulichoambiwa na umwombe naye akapimwe magonjwa mengine ya zinaa. Mazungumzo hayo ni magumu, lakini yanawezekana mkiyaanza kwa habari iliyo sahihi. Tukutane toleo lijalo, Mungu akipenda.