Nyumba ya Kale Inauzwa

Katika miji ya Kongo mara nyingi twaona ukuta ulioandikwa kwa herufi kubwa: nyumba hii haiuzwi. Mwenyewe aogopa mtu mwingine, pengine ndugu yake wa tumbo moja, asije akaiuza kwa siri. Basi, wapenzi wasomaji, tukisikia kwamba nyumba ya siku za Wabelgiji imetengenezwa upya nayo inauzwa, tusitazame chokaa na mabati tu. Tuulize: je, huyu auzaye ndiye mwenye haki?

Nyumba za kale hupita mikononi mwa wengi. Boma la Mpala, kusini kwetu kando ya ziwa, lilianzwa na Mbelgiji Émile Storms mwaka 1883. Mwaka 1885 lilikabidhiwa kwa Mapadre Weupe. Hapo ilijulikana wazi nani alitoa na nani alipokea. Kwa nyumba nyingine sivyo. Mwaka 1960 Wabelgiji wengi waliondoka. Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yashikwe na wenyeji. Kwa hiyo nyumba moja yaweza kuwa na watu watatu wasemao, “Ni yangu.”

Yatupasa kushika mambo matatu.

Kwanza, cheti. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi yote ni mali ya Serikali, wala haiuzwi. Mtu hupewa haki ya kuitumia, na haki hiyo huthibitishwa kwa cheti cha uandikishaji. Karatasi iliyotiwa sahihi barazani mbele ya mashahidi wawili si cheti. Mnunuzi aende mwenyewe katika ofisi ya vyeti vya ardhi, alisome jina lililoandikwa, kabla hajatoa hata faranga moja.

Pili, mjane na yatima. Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 humwachia mjane haki ya kukaa katika nyumba aliyokaa na mumewe. Lakini twajua jamaa wakutanao baada ya matanga, wakaiuza nyumba, na mama akaambiwa arudi kwao. Huo ni wizi uliovikwa nguo ya mila. Naye anunuaye hali akijua, ameshiriki wizi huo, hata kama fedha zake ni za jasho.

Tatu, maji. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika ukabomoa maelfu ya nyumba hapa Uvira. Mwaka 2024 ziwa nalo lilipanda, likaingia majumbani. Rangi mpya huficha alama ya maji. Tuwaulize majirani wazee maji yalifika wapi.

Mkristo akiuza, aseme kasoro pamoja na uzuri. Akinunua, asifurahie bei ndogo iliyotokana na machozi ya mwenzake. Nanyi wanafunzi, wasomeeni vyeti wazazi wasiojua Kifaransa. Hilo nalo ni tendo la huruma. Matofali ya nyumba zile yalifyatuliwa na mikono ya wazee wetu. Wajukuu wao wasitolewe mlangoni kwa karatasi ya uongo.