Sura ao Jina?

Wandugu wanafunzi, wengine kati yetu wanasema: pasipo karte yenye foto, mutu asipige kura. Wanaogopa wizi, na woga huo una sababu. Lakini hapa Kongo, tangu uandikishaji wa 2005, karte ya kupiga kura ndiyo kitambulisho cha watu wengi. Na katika mwaka 2023 wino wa karte nyingi ulifutika mbele ya siku ya kura. Foto na jina havikusomeka tena. Mama mwenye karte ya namna ile ana kosa gani? Tumfukuze? Mimi nasema hapana. Foto iombwe, ndiyo. Lakini kama jina lake liko katika liste, na majirani wawili wanamushuhudia, apige kura. Kosa la mwenye kuchapa lisilipwe na raia. Na ninyi, munawaza nini?