Neno la Mwisho ni la Nani?

Bwana Mhariri alinitaka niandike tena juu ya mapishi, kama nilivyofanya katika kitabu kilichopita. Naomba radhi kwake na kwenu. Safari hii nina jambo jengine moyoni. Lahusu fedha zetu na kijana wetu, na nataka lisomwe kabla hatujakutana Idi kuupitisha mchango.

Wengi wenu mwajua habari yenyewe. Kwa jamaa wa Maskati na Toronto ambao hawakuwapo, naieleza kwa ufupi. Mjukuu wangu mmoja, aliyezaliwa hapa Uingereza, anatengeneza mchezo wa kompyuta. Alikuwa na kazi ya mshahara katika kampuni kubwa ya michezo hiyo, akaiacha. Huu ni mwaka wa pili yumo katika chumba cha nyuma nyumbani kwa mama yake. Mchana anatengeneza mchezo wake, na siku tatu kwa juma usiku anapanga bidhaa dukani apate nauli na chakula. Mchezo wenyewe wahusu jahazi. Mchezaji ni nahodha kijana, anakuja Unguja na kaskazi, anarudi Arabuni na kusi. Upepo ukikatika hana budi kungoja bandarini: ashone tanga, apike, aamkiane na watu, asikilize hadithi. Asipokuwa na subira akatweka mapema, chombo huzama.

Wanaotaka kumsaidia ni wawili. Wa kwanza ni kampuni ya wachapishaji wa michezo. Hao hutoa fedha mbele, hutangaza, hupeleka mchezo madukani, na ukiuzwa hujilipa wao kwanza. Wameupenda mchezo, lakini wanataka kule kungoja kupunguzwe na maharamia waongezwe, na jina la mchezo liwe mali yao. Wa pili ni sisi. Katika kikao chetu mmoja alisema nahodha aitwe kwa jina la babu yetu. Wa pili akataka ngoma ya bandarini iondolewe. Wa tatu akasema kwa ukali kuwa chombo cha babu kisizame kamwe, kwa kuwa ni aibu. Nami sikunyamaza, nilitaka pawekwe nyumba yetu ya Malindi na mlango wake wa nakshi. Kijana aliyaandika yote katika kijitabu chake, akasema, "Sawa, nimesikia."

Akitajwa kazi yake, yeye husema ni mtengenezaji huru. Neno hilo ndilo lililoleta maneno. Ami yake alimwambia mbele ya watu, "Huru gani anayekula kwa mama yake?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka pamoja nao. Nilipofika nyumbani nikaona haya. Nikaanza kumwuliza kijana na kusoma, nijue katika kazi hii mtu huru khasa ni nani. Jawabu niliyoipata nilikuwa naijua tangu utoto wangu.

Nilipokuwa msichana Unguja nilishona kofia za viua, na palikuwa na namna mbili za kushona. Ya kwanza, tajiri huleta bafta, uzi na nakshi iliyokwisha chorwa. Mimi natoa macho na vidole, nalipwa ujira wangu, naye anaondoka na kofia. Ya pili, nanunua bafta kwa fedha yangu au ya kukopa, nakshi naifikiri mwenyewe, na kofia ikisha namwuzia nimtakaye. Mtu akipita barazani hawezi kujua leo nashona ipi. Mkeka ni ule ule, sindano ni ile ile, na mara zote mbili nimekaa peke yangu. Lakini katika kofia ya tajiri, nikiona kosa la nakshi nalishona hivyo hivyo lilivyo. Katika kofia yangu, nafumua.

Basi uhuru wa fundi ni haki ya kufumua. Wengi hudhani mtengenezaji huru ni yule aliye mdogo, au masikini, au asiye na mwenzake. Sivyo. Yatupasa kuuliza maswali mawili tu: neno la mwisho juu ya kazi ni la nani, na kazi ikisha ni mali ya nani.

Tazameni tarikhi ya michezo hii. Mwaka 1979 mafundi wanne waliondoka Atari, kampuni kubwa ya Marekani. Michezo waliyoiandika iliingiza fedha nyingi, na majina yao hayakuandikwa hata juu ya boksi. Pamoja na Jim Levy wakaanzisha Activision, kampuni ya mwanzo kutengeneza michezo ya kuchezwa katika mashine ya kampuni nyengine. Atari ikawapeleka mahkamani, na mambo yakamalizika kwa mapatano mwaka 1982. Mwaka huo huo mmoja wao, David Crane, alitoa mchezo wa Pitfall!, na safari hii jina lake lilionekana. Hao walikuwa huru. Lakini kampuni yao ilikua ikawa tajiri yenyewe, na mwaka 2023 Microsoft iliinunua Activision Blizzard kwa dola kiasi cha bilioni 69. Uhuru hauna hati ya kudumu. Waweza kuondoka kwa tajiri asubuhi, na jioni ukawa wewe ndiye tajiri.

Hapa Uingereza nako yalitokea. Mwaka 1983 kijana wa miaka 17, Matthew Smith, aliandika mchezo uitwao Manic Miner kwa kompyuta ndogo ya ZX Spectrum. Kampuni ya Bug-Byte ikauchapisha, ukapendwa mno. Katika mkataba wake palikuwa na kifungu kilichomwezesha kuuchukua mchezo wake, akaupeleka kwa Software Projects, kampuni aliyoshiriki kuianzisha. Kifungu kimoja tu cha karatasi! Vijana wangu mnaotia sahihi bila ya kusoma, likumbukeni hilo.

Ama ya karibuni zaidi ni ya mwaka 2023. Katika tunzo za michezo za Marekani ziitwazo The Game Awards, mchezo wa Dave the Diver uliwekwa katika fungu la michezo huru. Umetengenezwa na kikundi kidogo, na sura yake ni ya michezo ya zamani. Lakini kikundi chenyewe, Mintrocket, kilikuwa tawi la Nexon, kampuni kubwa mno yenye asili ya Korea Kusini. Watu wengi walihoji, na walikuwa na haki ya kuhoji. Mwaka ule ule Larian ya Ubelgiji, yenye wafanyakazi zaidi ya 400, ilitoa Baldur's Gate 3 bila ya mchapishaji wa nje. Nani hapo aliye huru zaidi, mdogo aliye chini ya mkubwa, au mkubwa asiye chini ya mtu?

Mimi nasema ni Larian, na sababu yangu si ukubwa wa mauzo yao. Jina la Baldur's Gate si lao, ni la kampuni ya Wizards of the Coast, nao walilitumia kwa ruhusa. Mchezo ulipofanikiwa kupita kiasi, kila mtu alitazamia watautengeneza wa nne, na fedha ilikuwa wazi mbele yao. Machi 2024 mkuu wao, Swen Vincke, alisema hawatautengeneza, watarudi katika mambo yao wenyewe. Mtu anayeweza kuiambia fedha "la" na asiulizwe na yeyote, huyo ndiye huru.

Sasa nirudi kwa ami yake kijana na kile kicheko chetu. Eric Barone wa Seattle, Marekani, alikaa miaka minne na nusu akitengeneza mchezo wa mashamba uitwao Stardew Valley. Picha, muziki, maneno, programu, yote kwa mkono wake. Jioni alikuwa akifanya kazi ya kuwaonyesha watu viti katika jumba la maonyesho, na mwenzake alikuwa akiitegemeza nyumba kwa mshahara wake. Mchezo ulitoka Februari 2016, na kufika mwaka 2024 ulikwisha kuuzwa nakala zaidi ya milioni 30. Mwanzo alisaidiwa na wachapishaji wa Chucklefish, baadaye uchapishaji akauchukua mwenyewe, kwani mchezo ulikuwa wake. Haya, huyo naye alikula kwa mwenzake. Je, hakuwa huru? Alikuwa huru, kwa sababu aliyemlisha hakumpangia la kupanda katika shamba lake. Kula kwa mama si utumwa. Utumwa ni mama akisema, "Nimekupa wali, basi nakshi naichora mimi."

Sisemi kuwa yupo aliye huru kabisa. Duka kubwa la michezo ya kompyuta, Steam, hutoza dola 100 kuweka mchezo mmoja, kisha kwa kawaida huchukua asilimia 30 ya mauzo. Ni nyingi, lakini huo ni ujira wa dalali. Dalali akichukua chake, kofia yangu haibadiliki. Khatari ni pale mlango ukiwa mmoja, na mwenye ufunguo akaanza kuchagua. Julai 2025 Steam na itch.io waliondoa au waliificha michezo mingi ya mambo ya watu wazima, kwa shinikizo la kampuni za kupitisha malipo. Mimi siililii michezo hiyo hata kidogo. Lakini nimejifunza kuwa yule anayeshika bomba la fedha aweza kusema neno hata katika nyumba asiyoijenga. Leo wameiondoa nisiyoitaka, kesho sijui.

Na sisi, ndugu zangu, katika jambo hili ndio tulioshika bomba.

Najua mtakalonijibu. Mtasema fedha ya mchango ni amana, imetoka kwa wajane na wastaafu, haiwezi kutolewa ovyo ovyo. Ni kweli, wala sipingi. Lakini hesabu ni jambo moja na nakshi ni jambo jengine. Aliyekopesha ana haki ya kuuliza, "Fedha imekwenda wapi? Mchezo utakwisha lini? Deni utalilipa vipi?" Hana haki ya kuuliza, "Mbona bandarini pana ngoma?" Tukichanganya mambo haya mawili, tutakuwa tumemwokoa kijana na wale wachapishaji ili tumtie mikononi mwa wachapishaji wengine thelathini, wasiojua kazi, na wenye kumwona kila harusi na kila msiba. Kampuni waweza kuvunja nayo mkataba. Na ami yako utavunja nini?

Kwa hivyo naleta shauri langu. Kwanza, tumpe fedha hizo kama mkopo wa wema usio na riba, uandikwe, uwe na mashahidi na muda wake. Pili, kila miezi sita atuletee hesabu, na asitufiche kitu. Fedha ikimwisha aseme imekwisha. Tatu, masharti yote tuliyomwekea katika kikao kile yafutwe. Naanza mimi: mlango wangu wa Malindi naurudisha nyumbani. Nne, mchezo usipouzika, asichekwe. Kofia zangu za mwanzo hazikununuliwa, na mama hakunicheka.

Ama wale wachapishaji, simwambii awakatae kwa kuwa ni wachapishaji. Wakikubali kuchukua fungu lao la fedha, wakamwachia neno la mwisho, na jina la mchezo likabaki lake, basi akae nao na kalamu. Wakisema jina ni lao, huko ni kurudi kwenye bafta ya tajiri.

Nilimwuliza kwa nini hataki kukipunguza kile kungoja, maana hata mimi nilipojaribu mchezo niliona usingizi. Akasema, "Bibi, kungoja ndio mchezo wenyewe." Sikumwelewa siku ile. Usiku nililala nikifikiri, nikakumbuka yale ambayo katika kikao hatukutaka kuyasema.

Chombo cha babu yetu kilizama, jamaa zangu. Sote twajua. Alikuja na kaskazi kikamzamia, akaogelea, akapona, mali yote ikaenda. Akakaa Unguja kungoja kusi arudi kwao, hana kitu ila nguo za kuazimwa, na katika kungoja huko ndipo alipomwoa bibi yetu. Kusi ilipovuma hakusafiri. Kama kisingezama, na kama upepo ungekuwapo siku ile, hapana hata mmoja wetu ambaye leo angekuwapo kukisoma kitabu hiki wala kupiga kura ya mchango.

Mwacheni kijana akizamishe chombo chake mwenyewe. Tuonane Idi, In-sha-Allah, na kila mtu aje na fungu lake la mchango.