Machungwa Machanga ya Muheza

Ukiishi mji mdogo kama Muheza, mwendo mfupi kwa basi kutoka Tanga, huna pa kumkwepa jirani. Unayemsalimia sokoni ndiye mtakayekaa naye benchi moja kanisani. Wengi huiita hiyo baraka. Ni kweli, ila inategemea mmefanyiana nini kati ya Jumatatu na Jumamosi.

Chukua machungwa, maana ndiyo yanayowalisha wengi Muheza. Januari mtoto anahitaji sare na madaftari, nayo matunda bado machanga. Mama mjane anauza mazao ya shamba zima yakiwa mtini, kwa bei ya shida. Mavuno yakifika anatazama fuso likipakia matunda ambayo si yake tena. Na mnunuzi si lazima awe mgeni. Huenda ni mzee wa kanisa, tena mtoaji mzuri wa sadaka ya ujenzi.

Utasema walikubaliana, hakulazimishwa. Lakini soma Mambo ya Walawi sura ya 25: bei ihesabiwe kwa mavuno yanayouzwa, wala ndugu asimpunje ndugu. Wewe mnunuzi unajua miti ile itajaza magunia mangapi. Mkopeshe fedha ya sare, umwachie matunda yake, naye akurudishie kiasi kile kile baada ya mavuno.

Na kama usharika una mfuko wa ujenzi, kwa nini usiwe na mfuko wa Januari? Mzee wa kanisa, lipeleke hilo kwenye kikao kijacho, kabla wanunuzi hawajaanza kupita mashambani.